Abiria Asiyeshuka Naye Ahesabiwe

Miongoni mwa mambo ya bandarini ambayo mtazamaji aliyesimama ufukweni huyaona kuwa ni usumbufu usio maana, hapana linalomshangaza kama hili: abiria hutolewa melini asubuhi, akapitishwa mbele ya maafisa wa uhamiaji, akakalishwa ukumbini kwa nusu saa au zaidi, kisha akarudishwa katika meli ile ile, chumba kile kile, akaukuta mswaki wake palepale alipouacha. Abiria huyo hakuwa na nia ya kushuka. Hakufika kwao, wala hakupotea njia. Amelipia safari mbili zinazofuatana katika meli moja, na ile ya kwanza imekwisha alfajiri ya siku hiyo, hali ile ya pili haianzi mpaka jioni. Basi kwa muda wa saa chache yeye si wa safari hii wala si wa ile, na hapo ndipo wenye bandari wanapotaka atoke wamwone.

Sisi hatuoni kuwa huo ni usumbufu mtupu. Ndani ya utaratibu huo mna jambo linalotuhusu sana sisi watu wa visiwani, na linalowahusu zaidi wale waliokabidhiwa bandari zetu, na ndiyo sababu leo tumeamua kulieleza kwa kirefu.

Kwanza maelezo. Meli za watalii, hizo tunazoziona zikipita kama mtaa mzima wa maghorofa unaoelea, haziendi kama zilivyokwenda meli za barua za zamani, zilizotoka Ulaya kwa njia ya Suez zikimteremsha kila mtu katika bandari yake. Nyingi huzunguka. Hutoka bandari moja, zikazuru visiwa au miji mitatu minne, na baada ya siku saba, au kumi, au kumi na nne, zikarejea pale pale zilipoanzia. Bandari hiyo ya kuanzia na kuishia ndiyo nyumbani kwa meli. Zile za katikati ni vituo tu. Siku inaporudi nyumbani, meli hushusha abiria wa safari iliyokwisha, hupakia wa safari mpya, na jioni yake hung'oa nanga tena. Siku hiyo tutaiita siku ya kupokezana. Na wale wachache wanaobaki kwa ajili ya safari ya pili tutawaita abiria wa kuunga safari.

Sisi wa pwani hii tumezoea kuwa kituo. Meli za namna hiyo zinapofika Unguja au Mombasa, aghalabu hufika asubuhi na kuondoka jioni; wageni hushuka, wakapita Mji Mkongwe au Ngome ya Yesu, wakanunua kanga na viungo, wakarejea kula chakula cha usiku melini. Kazi ya bandari ya kituo ni nyepesi, na malipo yake nayo ni mepesi. Kwa hivyo wako miongoni mwetu wanaotamani bandari zetu ziwe mahali pa kuanzia safari, kwa kuwa abiria anayeanza safari hulala hoteli usiku wa kabla, hukodi gari, hula mjini, na meli yenyewe hununua maji, mboga na mafuta. Tamaa hiyo si mbaya hata kidogo. Lakini anayetaka kuwa nyumbani kwa meli, yafaa aijue kwanza siku ya kupokezana ilivyo.

Tuitazame Miami, katika jimbo la Florida nchini Marekani, ambako kazi hii imekwisha kuwa ya kila wiki. Meli iitwayo Icon of the Seas, kama ingalianza kuchukua abiria huko Januari 1924, ingekuwa ajabu ya dunia. Ilianza Januari 2024, na hata leo ni ajabu. Hubeba abiria 5,610 kila chumba kikiwa na watu wawili, na hadi 7,600 ikijaa kabisa, mbali na mabaharia na watumishi wapatao 2,350. Maana yake ni kwamba kati ya alfajiri na saa kumi za jioni, maelfu ya watu hushuka na maelfu mengine hupanda. Mji mzima huhama, mji mwingine ukahamia, na katikati yake vitanda vyote vikatandikwa upya.

Kazi huanza usiku wa kuamkia siku yenyewe. Abiria wanaoshuka hupewa vibandiko vya rangi au vya namba wakavifunga kwenye mizigo yao, na mizigo wakaiacha nje ya milango ya vyumba kabla ya usiku wa manane, ikakusanywa na watumishi na kuteremshwa chini ya meli. Asubuhi huitwa kwa makundi kufuatana na namba zile, wasije wakasongamana ngazini wote kwa pamoja. Abiria wa kuunga safari hana haja ya kibandiko. Yeye hukuta barua chumbani, siku moja au mbili kabla, ikimjulisha saa na ukumbi wa kukutania, na kumtaka aje na pasi yake. Huambiwa pia amalize hesabu ya matumizi ya safari ya kwanza, kwa kuwa daftari lake litafungwa na jingine litafunguliwa. Akiwa anabaki katika chumba kile kile, haondoi kitu. Akiwa anahamia kingine, hufunga masanduku yake, na nguo zake zilizotundikwa huchukuliwa na mtumishi zikiwa katika vitundikio vile vile. Mchana akirudi huzikuta zimekwisha kutundikwa katika kabati jipya. Ni jambo dogo, lakini msafiri mzee, na abiria hawa aghalabu ni wazee waliostaafu, huenda akalikumbuka kuliko dansi na karamu zote za safari.

Mnamo saa tatu au saa nne, wanaoshuka wakikaribia kwisha, ndipo wao huitwa. Huandikwa mmoja mmoja ukumbini, kisha huongozwa na ofisa wa meli kuteremka ngazi kwa pamoja, na kadi ya kila mmoja husomwa na mashine mlangoni. Hupita mbele ya maafisa wa uhamiaji na wa forodha kama mgeni mwingine yeyote anayeingia Marekani, maana kisheria wameingia. Baada ya hapo husubiri. Hawapandi mpaka neno litoke kuwa meli ni tupu.

Hapo ndipo penye kiini cha shughuli yote. Wenyewe huiita hesabu ya sifuri. Kila anayeshuka, mashine ya mlangoni humtoa katika jumla, na jumla ikawa inapungua: mia tano, mia mbili, arobaini, saba. Hao saba wakitafutwa hutangazwa kwa vipaza sauti, watumishi wakatumwa vyumbani, kwani hakosi aliyelala, wala hakosi anayemalizia chai yake kwa raha zake. Mpaka jumla ifike sifuri, abiria wapya waliokwisha kufika bandarini hawaruhusiwi kukanyaga ngazi. Mtu mmoja mzembe aweza kuwasimamisha maelfu. Hesabu ikitimia, abiria wa kuunga safari ndio hutangulia kupanda. Hupewa kadi mpya au hati ya wapitao, na kwa muda mfupi wakawa kama wenye meli, hapana mwingine katika viti vya sitahani ila wao.

Si kila nchi inayofanya hivyo. Bandari kadhaa za Ulaya humwacha abiria wa namna hii abaki melini, mradi jina lake liwe katika orodha na hati zake zikaguliwe. Hata Marekani kwenyewe njia zinabadilika: bandari kadhaa sasa hutumia kamera zinazolinganisha sura ya mtu na picha ya pasi yake, na foleni iliyokuwa ndefu ikawa fupi. Lakini kilichobadilika ni namna ya kuhesabu. Kuhesabu kwenyewe hakujaachwa.

Hapa pana kichekesho cha sheria ambacho hatuna budi kukitaja. Marekani inayo sheria ya mwaka 1886 ya usafiri wa abiria baharini, iliyotungwa ili kuwalinda wenye meli na waundaji wa meli wa nchi hiyo. Kwa sheria hiyo, meli ya bendera ya kigeni, na meli kubwa za watalii karibu zote ni za bendera za kigeni kama vile Bahama na Panama, haiwezi kumchukua abiria katika bandari moja ya Marekani na kumteremsha katika nyingine, isipokuwa imepitia njiani bandari ya kigeni iliyo mbali. Kanada si mbali. Meksiko si mbali. Sasa mchukue abiria aliyekata tiketi ya kutoka San Francisco hadi Vancouver, kisha akakata ya pili, katika meli ile ile, ya kutoka Vancouver hadi Seward huko Alaska. Kila tiketi peke yake ni halali, kwa kuwa kila moja ina mguu mmoja Kanada. Zikiunganishwa, abiria ametoka Marekani na kushukia Marekani, na sheria imevunjwa. Faini ilipoanza ilikuwa dola 2 kwa kila abiria. Sasa imepita dola 700. Hutozwa mwenye meli, naye aghalabu humgeukia abiria. Kwa hivyo abiria wa kuunga safari huambiwa bandarini kwamba safari zake ni mbili, kwa hivyo ashuke. Na penye sheria hii huambiwa kwamba safari yake ni moja, kwa hivyo alipe. Wenzetu wa visiwa vya Aruba, Bonaire na Curaçao, karibu na pwani ya Venezuela, wao wamehesabiwa kuwa ni mbali, na visiwa hivyo vidogo vimepata faida kutoka katika sheria ambayo havikuitunga.

Tukirudi melini, siku ya kupokezana ndiyo siku ngumu kuliko zote kwa mabaharia na watumishi. Mtumishi wa vyumba huwa na saa chache tu za kuondoa mashuka, kusafisha vyoo, kupangusa kila kishikio cha mlango na kutandika upya vyumba vyote vya zamu yake. Chini, mizigo ya abiria inashuka wakati shehena ya vyakula inapanda. Mafuta yanatiwa, taka zinatolewa. Na siku kama hiyo ndiyo wakaguzi wa afya wa Marekani waweza kutokea bila taarifa, kwa mpango wao ulioanza miaka ya 1970, wakapima maji, majiko na majokofu, na meli ipatayo alama 85 au chini yake katika 100 ikahesabiwa kuwa imeshindwa. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unataka baharia apate mapumziko yasiyopungua saa kumi katika kila saa ishirini na nne. Siku ya kupokezana ndiyo kipimo cha kweli cha kifungu hicho. Na tusisahau kwamba mabaharia wenyewe ndio abiria wa kuunga safari walio wengi kuliko wote: safari hukwisha na safari huanza, wao wamo.

Jioni, kabla au mara baada ya meli kuondoka, huja zoezi la hatari. Kila abiria huonyeshwa kituo chake cha kukusanyikia na namna ya kuvaa jaketi la kuokolea. Abiria wa kuunga safari hunung'unika kwamba alikwisha kulifanya juma lililopita, lakini meli nyingi humtaka alirudie, na hapa sisi tuko upande wa meli. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012, meli Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu 4,229. Meli hiyo ilikuwa ikipakia abiria katika bandari mbalimbali za mzunguko wake, na mamia waliopanda jioni ile ile katika bandari ya Civitavecchia hawakuwa wamepata zoezi, kwa sababu kanuni za wakati ule ziliruhusu lifanywe ndani ya saa ishirini na nne. Watu 32 walikufa. Wakazi wa Giglio, ambao ni watu wachache wa kisiwa kidogo cha baridi wakati ule, walifungua nyumba zao na kanisa lao kuwapokea walionusurika. Tangu tarehe 1 Januari 2015 kanuni za kimataifa zinataka zoezi lifanywe kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Mtu asimwone abiria anayenung'unika akadhani ananung'unikia mchezo.

Lakini jambo lililotufanya tushike kalamu ni jingine. Tarehe 21 Februari 2020, katika bandari ya San Francisco, meli Grand Princess ilikuwa na siku yake ya kupokezana. Ilikuwa imerudi kutoka Meksiko katika safari ya siku kumi, na jioni iliondoka kwenda visiwa vya Hawaii. Siku ilikwenda kama zinavyokwenda siku hizo. Abiria wa Meksiko walishuka, wa Hawaii wakapanda. Waliobaki walikuwa abiria 68 wa kuunga safari pamoja na sehemu kubwa ya mabaharia na watumishi 1,111. Hakuna aliyejua kwamba pamoja nao ulibaki ugonjwa.

Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 4 Machi, ikajulikana huko California kwamba watu waliosafiri katika ile safari ya Meksiko, ambao wote walikwisha kushuka na kwenda makwao, walikuwa wameugua ugonjwa mpya wa korona, na mmoja wao amefariki. Meli ilikuwa katikati ya bahari, ikirudi kutoka Hawaii, na watu zaidi ya 3,500 ndani yake. Swali la kwanza lililoulizwa lilikuwa jepesi kulitamka: ni nani aliye melini sasa ambaye alikuwamo pia katika safari ile? Na jibu lilikuwapo, kwa jina na kwa namba ya chumba, kwa sababu siku ya kupokezana walihesabiwa. Abiria hao waliambiwa wabaki vyumbani mwao mpaka wachunguzwe. Helikopta ilipeleka vifaa vya kupimia. Watu 45 walipimwa mwanzoni, na 21 wakaonekana wana ugonjwa. Kati ya hao 21, abiria walikuwa wawili tu. Kumi na tisa walikuwa mabaharia na watumishi.

Yafaa tutulie kidogo juu ya hesabu hiyo. Hesabu ya sifuri haikuuzuia ugonjwa, wala haikukusudiwa kuuzuia. Lakini iliwawezesha wahusika kujua mahali pa kuanzia. Nayo ikafichua upungufu wake yenyewe, maana iliwatazama zaidi wale wanaolipa nauli, na ugonjwa ulikuwa umewapata zaidi wale wanaolipwa mishahara. Meli ilifunga gati huko Oakland tarehe 9 Machi, na hapo ikaanza kazi ndefu ya kuwateremsha watu na kuwaweka karantini.

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni ya Marekani, na Marekani ni mbali. Basi tuje katika bahari yetu wenyewe ya Hindi, katika kisiwa kama vyetu. Jumapili ya tarehe 25 Februari 2024, meli Norwegian Dawn ilikuwa imalize safari yake katika bandari ya Port Louis, Morisi. Ilikuwa imetoka Cape Town tarehe 13 ya mwezi huo. Ilikuwa na abiria 2,184 na mabaharia na watumishi 1,026. Kwa Port Louis hiyo ilikuwa siku ya kupokezana: watu wapatao elfu mbili walikuwa washuke, safari yao ikiwa imekwisha, na wengine 2,279 walikuwa wapande kuanza safari mpya. Lakini melini walikuwamo wagonjwa wa tumbo, na watu wasiopungua 15 walikuwa wametengwa. Mwaka ule kipindupindu kilikuwa kikizisumbua nchi kadhaa za kusini mwa Afrika. Kisiwa jirani cha Réunion kilikuwa kimekwisha kuikataa meli hiyo isiingie, na serikali ya Morisi nayo ikaamuru isifunge gati mpaka vipimo vya maabara vitoke.

Tazama sasa hali ya bandari ya kisiwa siku kama hiyo. Watu elfu mbili wako majini, tiketi zao za ndege za kurudi makwao zinapita. Watu wengine zaidi ya elfu mbili wako nchi kavu na masanduku yao, hawana meli na wengine hawana hoteli. Na wapo abiria wa kuunga safari, ambao kwao siku ya kwanza ya safari mpya imekuwa siku ya kuzuiliwa katika safari iliyokwisha. Serikali inatakiwa iamue kati ya afya ya watu wake na jina lake zuri mbele ya wageni. Majibu yalitoka tarehe 27: hapakuwa na kipindupindu. Abiria waliruhusiwa kushuka, na wapya wakapanda.

Sisi hatuwalaumu watu wa Morisi. Kisiwa hakina mpaka wa pili wa kukimbilia; ugonjwa ukiingia bandarini umeingia nyumbani. Tunaloliona ni kwamba bandari iliyokuwa kituo tu ingeweza kuiambia meli ipite, nayo ikapita, kama Réunion ilivyofanya. Bandari iliyo nyumbani kwa meli haiwezi kusema hivyo kwa wepesi, kwa kuwa nusu ya watu wake wako ndani na nusu wako nje, na wote ni wageni wake. Anayetaka faida ya siku ya kupokezana anachukua na siku mbili kama hizo za Port Louis.

Ndiyo maana twasema kwamba bandari zetu, kabla ya kuota ndoto ya meli za abiria elfu tano, zianze na hesabu. Nayo ni kazi ambayo hatuna haki ya kuiona ya kigeni, kwa kuwa tumeilipia kwa gharama kubwa kuliko faini yoyote ya dola. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na baada ya maiti mia mbili na zaidi kuzikwa, taarifa ya uchunguzi iliyofuata ikataja waliopotea kuwa zaidi ya elfu moja. Watu wa nyumba moja walijua nani hakurudi; daftari la meli halikujua. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria. Uwezo wake ulikuwa watu 101, na maiti zilizoopolewa zilizidi 220. Mwenye kumbukumbu hizo hawezi kumcheka ofisa wa Miami anayemwamsha bibi wa watu chumbani kwa sababu mashine yake inasema bado mmoja.

Na boti zetu za kila siku kati ya visiwa nazo zina siku ya kupokezana, ila kwao ni kila safari, na muda wake ni chini ya saa moja. Nazo zina abiria wa kuunga safari: mchuuzi anayekwenda na kurudi na boti ile ile, mtoto mchanga wa mgongoni, kijana wa kupakia mizigo aliyechelewa kushuka, ndugu wa baharia aliyepewa lifti bila tiketi. Hao wote ni watu ambao, kwa sababu moja au nyingine, hawapiti dirisha la tiketi siku hiyo. Kwa hivyo hesabu ya tiketi si hesabu ya watu. Twawaomba wakubwa wa bandari waweke mtu mlangoni mwa boti, asiwe mkata tiketi na asiwe mwajiriwa wa mwenye boti, ambaye kazi yake ni moja tu: kuhesabu vichwa vinavyotoka na vichwa vinavyoingia, na kuiacha hesabu hiyo nchi kavu kabla kamba hazijafunguliwa. Orodha iliyozama na meli haimsaidii mtu.

Kwa meli kubwa za wageni, iwapo siku moja zitaanzia safari kwetu, twashauri mambo yaandikwe mapema, yasingojee Jumapili moja yenye wagonjwa. Nahodha, wakala wa meli, uhamiaji na afya wawe na orodha moja iliyotiwa sahihi na wote, yenye abiria wanaoshuka, wanaopanda, wanaobaki, na mabaharia na watumishi pia kwa majina yao. Iandikwe ni nani mwenye kauli ya mwisho meli ikija na ugonjwa siku ya kupokezana, vipimo vitapelekwa maabara gani, na majibu yatangojwa kwa saa ngapi. Iandikwe waliokwama nchi kavu watalala wapi na kwa gharama ya nani.

Kisha lipo la ukumbi. Katika kila ramani ya bandari mpya tutaona gati, ghala na ofisi, na penye abiria wa kupita tutaona mstari mwembamba uliopigwa rula. Tungependa wachoraji wa ramani hizo wakumbuke kwamba abiria wa kuunga safari hutolewa kitandani mwake kwa ajili ya hesabu yetu sisi, si kwa haja yake, na kwamba huenda akawa na miaka themanini na mkongojo mkononi. Basi na akute kiti cha kukalia, kivuli, maji ya kunywa na choo kisafi, mpaka jumla itimie.